Panya, fluoksetini na olanzapini: ile 361% inasema nini hasa

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mwanafunzi wa famasia, mwaka wa pili. Mdogo wangu wa kike anaugua sonona ambayo haikusikia dawa ya kwanza wala ya pili. Sasa daktari wake amemwongezea olanzapini, dawa ya saikosisi, juu ya fluoksetini, dawa ya sonona aliyokuwa akimeza. Nikaingia kusoma, nikakuta utafiti wa panya unaosema dawa hizi mbili zikienda pamoja, dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za ubongo, inafika 361%. Nimeingiwa na hofu. Saikosisi, ile hali ya kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo, si ndiyo ugonjwa wa dopamini kuzidi? Inakuwaje apewe dawa ya kuzuia dopamini, halafu dopamini yenyewe ipande mara tatu na zaidi? Na yaliyowapata panya, yatampata na yeye?

Jibu: Marahaba, na pole kwa kuuguza. Kabla ya sayansi nikuombe jambo moja: mdogo wako asiache dawa kwa sababu ya ulichosoma. Olanzapini ikikatwa ghafla inaweza kumletea kukosa usingizi, kichefuchefu na wasiwasi, na sonona iliyokwisha kushinda dawa mbili si ya kuachwa bila tiba hata kwa wiki chache. Kama kuna la kubadilisha, libadilishwe na daktari wake.

Utafiti uliousoma ulichapishwa mwaka 2000 na Zhang na wenzake wa maabara za kampuni ya Eli Lilly nchini Marekani. Ni kazi nzuri, na mimi huwapa wanafunzi waisome, ila namba yake husomwa vibaya karibu kila mara. Ili uielewe, inabidi uone ilivyopatikana.

Panya hulazwa kwa dawa ya usingizi, kichwa chake kikashikwa na fremu ya chuma ili kisitikisike. Tundu dogo hutobolewa kwenye fuvu, na kijiti chembamba chenye utando nchani hushushwa hadi sehemu ya mbele ya ubongo. Panya akishaamka na kupata nafuu, maji yenye chumvi zinazofanana na za majimaji ya ubongo hupitishwa ndani ya kijiti kile polepole sana, mikrolita moja au mbili kwa dakika. Kemikali zinazoelea nje ya seli hupenya utando na kutoka na maji hayo. Matone hukusanywa, kwa kawaida kila baada ya dakika 20 au 30, kisha hupimwa kwenye mashine. Sampuli za kwanza, zilizochukuliwa kabla panya hajadungwa chochote, ndizo hupigiwa wastani na kuitwa 100%. Baada ya hapo kila kitu hulinganishwa nazo.

Kwa hiyo 361% haina maana kwamba imeongezeka 361. Imeongezeka 261 juu ya 100 ya mwanzo. Na hiyo 100 ya mwanzo ni kiasi kidogo mno, kwa sababu sehemu ya mbele ya ubongo ina dopamini kidogo ukilinganisha na striatamu, ule mkusanyiko wa seli ulio ndani zaidi unaohusika na mwendo na msukumo wa kutenda. Kitu kidogo kikipanda mara tatu na nusu bado ni kidogo. Isitoshe, kijiti kilikuwa mahali pamoja, na panya walipewa dozi moja tu. Walichoona ni kilichotokea katika saa chache za siku ile. Mdogo wako anameza kila siku, kwa wiki na miezi, na ubongo unaopata dawa kila siku hujirekebisha kwa namna ambazo dozi moja haiwezi kuzionyesha.

Hapo ndipo lilipo jibu la fumbo lako la dopamini. Dopamini inayohusishwa na saikosisi ni ile iliyozidi kwenye striatamu, na huko ndiko dawa za saikosisi hufanya kazi yake kuu ya kuziba vipokezi vya D2, milango ambayo seli hupokelea ujumbe wa dopamini. Sehemu ya mbele ya ubongo ni habari nyingine. Kwa watu wengi wenye sonona, hasa wale wanaolalamika kukosa hamu, kushindwa kuanza jambo na kushindwa kufikiri sawasawa, dhana inayoshikiliwa na watafiti wengi ni kwamba dopamini na noradrenalini (kemikali nyingine ya ujumbe) za huku mbele zimelegea. Dawa moja inaweza kuziba milango striatamu huku ikiwezesha kemikali hiyo hiyo kupanda mbele, na hakuna mgongano. Tena, mbele huko vifyonzaji vya dopamini yenyewe, yaani vinavyoirudisha ndani ya seli, ni vichache, kwa hiyo sehemu kubwa ya dopamini hufyonzwa na vifyonzaji vya noradrenalini. Ndiyo sababu kemikali hizi mbili mara nyingi hupanda pamoja. Katika utafiti huo huo noradrenalini ilifika 272%.

Sasa twende kwenye kitu ambacho nadhani ulikiruka, maana wengi hukiruka. Serotonini, kemikali ya tatu ya ujumbe, haikupanda zaidi. Kwa panya waliopewa dawa zote mbili ilipanda kidogo pungufu ya ilivyopanda kwa fluoksetini peke yake. Fluoksetini ni dawa ya serotonini kwa jina na kwa sifa. Ungetarajia kwamba ukiiongezea mwenzake, nguvu itaonekana kwenye serotonini. Haikuwa hivyo. Kilichobadilika ni kemikali mbili ambazo fluoksetini haikuundwa kwa ajili yake. Mimi nikisoma matokeo ya mchanganyiko wa dawa hutafuta mahali kama hapo, kwa sababu panakuambia kwamba dawa mbili zikikutana hazijumlishwi. Hufungua njia ambayo kila moja peke yake inaifungua kidogo tu au haiifungui kabisa.

Njia yenyewe ni ipi? Watafiti walijaribu kuivunja vipande. Walichukua haloperidoli, dawa ya zamani ambayo kazi yake kubwa ni kuziba D2, wakaichanganya na fluoksetini: hakuna nyongeza juu ya fluoksetini peke yake. Wakachukua kemikali ya majaribio iitwayo MDL 100907, inayoziba kipokezi kimoja cha serotonini, 5-HT2A: nayo hakuna nyongeza. Klozapini na risperidoni, dawa nyingine za saikosisi, zilionyesha kitu, lakini kwa kiwango kidogo na kwa muda mfupi kuliko olanzapini. Maana yake, kuziba D2 peke yake hakutoshi, na kuziba 5-HT2A peke yake hakutoshi. Olanzapini huziba hivyo vyote pamoja na 5-HT2C, kipokezi ambacho hufanya kazi ya breki kwa seli zinazotoa dopamini na noradrenalini. Na fluoksetini nayo, tofauti na ndugu zake wengi wa kundi lake la dawa zinazozuia kufyonzwa kwa serotonini, hugusa 5-HT2C kidogo, ndiyo maana hata peke yake hupandisha kemikali hizi mbele ya ubongo wa panya. Basi usichukue matokeo ya fluoksetini ukayavisha dawa yoyote ya kundi hilo. Mtu anayemeza esitaloprami, ndugu wa fluoksetini, pamoja na kwetiapini, dawa nyingine ya saikosisi, yuko kwenye mchanganyiko mwingine kabisa.

Naomba uweke akilini pia kwamba kampuni iliyofanya utafiti huo ndiyo iliyokuwa ikimiliki dawa zote mbili. Hilo halifanyi namba kuwa za uongo. Linakulazimu kuuliza kama wengine, wasio na dawa ya kuuza, wameona mwelekeo huo huo kwa njia tofauti. Wameuona. Kundi la Pierre Blier huko Ottawa, Kanada, lilitumia sindano nyembamba za umeme kusikiliza seli moja moja kwenye kituo kidogo cha shina la ubongo, ambako noradrenalini nyingi ya ubongo hutoka. Panya waliopewa esitaloprami kwa siku kadhaa, seli hizo zilipunguza mapigo yake. Fikiria hapo: dawa ya sonona yenyewe inabana mfumo wa noradrenalini, kwa sababu serotonini iliyoongezeka inaukandamiza kupitia vipokezi vya 5-HT2A. Walipoongeza risperidoni, mapigo yakarudi. Haya ndiyo maelezo yanayonishawishi zaidi kuhusu kwa nini mgonjwa ambaye amekwama kwenye dawa ya serotonini huweza kukwamuka akiongezewa dozi ndogo ya dawa ya saikosisi.

Tabia ya panya ni eneo gumu zaidi. Jaribio maarufu ni la kuogelea kwa lazima, lililoanzishwa na Porsolt mwaka 1977. Panya huwekwa kwenye chombo cha maji asichoweza kukitoka, siku ya kwanza kwa dakika 15, kesho yake kwa dakika 5, na mtafiti hupima muda anaoogelea, anaojaribu kupanda ukuta, na anaoelea tu. Dawa za sonona hupunguza kuelea. Zile za serotonini huongeza kuogelea, zile za noradrenalini huongeza kupanda ukuta. Tatizo la kuleta dawa ya saikosisi hapa ni wazi: inalegeza mwili. Panya aliyelegea anaelea, nawe ukiandika "amekata tamaa" umeandika uongo bila kujua. Kwa upande mwingine, mchanganyiko ukimfanya panya ahangaike kupita kiasi, ataonekana amepona sonona kumbe anazurura tu. Utafiti wa aina hii usiopima pia mwendo wa panya kwenye uwanja wazi, bila maji, mimi siutegemei.

Watafiti wa Krakow, Poland, walilifanya vizuri. Walitumia dozi ya fluoksetini ambayo peke yake haibadilishi chochote kwenye jaribio hilo, na dozi ndogo ya risperidoni ambayo nayo peke yake haibadilishi chochote. Zikitolewa pamoja, panya waliogelea zaidi na kuelea kidogo, na mwendo wao wa kawaida haukuongezeka. Walipotanguliza kemikali inayoziba kipokezi kingine cha serotonini, 5-HT1A, manufaa yakapungua. Huo ni ushahidi safi kwamba jambo linapita kwenye serotonini kwa sehemu fulani, na kwamba halitokani na panya kuchangamka ovyo. Lakini usiende mbali zaidi ya hapo. Kuelea kwa panya si huzuni ya binadamu. Wapo wanaosema, na nakubaliana nao, kwamba panya anayeelea siku ya pili huenda amejifunza kutunza nguvu zake. Jaribio hili linatusaidia kuchuja dawa. Haliwezi kutueleza mgonjwa anajisikiaje.

Upande wa madhara, panya wametufundisha zaidi, na hapa nataka tukae kidogo. Kuna jaribio rahisi la kuangalia kuganda kwa mwili. Panya huwekwa miguu ya mbele juu ya fimbo iliyolazwa sentimita chache juu ya meza. Panya mzima hushuka papo hapo na kuendelea na safari yake. Yule ambaye vipokezi vyake vya D2 vimezibwa kupita karibu 80% hubaki vile vile, yuko macho, anapumua, miguu juu ya fimbo, na mtafiti anahesabu sekunde. Kwa binadamu, kukakamaa na kutetemeka kwa dawa hizi huanza kwenye kiwango kinachokaribiana sana na hicho, ndiyo maana jaribio hili la zamani bado lina heshima. Tangu miaka ya 1970 imeonekana kwamba dawa zinazozuia kufyonzwa kwa serotonini zinaweza kuzidisha kuganda kwa panya aliyepewa dawa kali ya D2. Kinyume chake, watafiti wa Taasisi ya Karolinska, Sweden, waliripoti mwaka 2002 kwamba reboksetini, dawa ya sonona inayogusa noradrenalini, ikiongezwa kwenye raklopridi inayoziba D2 peke yake, iliimarisha athari inayofanana na ya kutibu saikosisi bila kuongeza kuganda. Zile za serotonini na reboksetini zote ni dawa za sonona, lakini matokeo hayafanani. Kwa hiyo mtu akikuambia kwa jumla tu kwamba kuchanganya dawa ya sonona na ya saikosisi ni hatari, au ni salama, muulize anasema dawa zipi.

Uzito nao una kisa chake. Olanzapini hunenepesha binadamu, wanawake na wanaume. Kwa panya, majike ndio huongezeka uzito waziwazi. Madume mara nyingi hawaongezeki, wengine hata hupungua, lakini ukiwafungua unakuta mafuta yamejaa tumboni na insulini haifanyi kazi vizuri. Fikiria maabara iliyotumia madume peke yao, kama ilivyokuwa desturi kwa miaka mingi kwa hoja kwamba mzunguko wa uzazi wa majike, wa siku 4 au 5, unavuruga matokeo. Ingepima uzito kwenye mizani na kutangaza kwamba dawa ni salama. Kwa mdogo wako hili lina uzito kuliko ile 361%.

Kisha kuna suala la muda. Olanzapini hupungua kwa nusu katika damu ya binadamu kwa takriban saa 30. Kwa panya ni kama saa 2 na nusu. Haloperidoli kwa panya ni kama saa moja na nusu. Panya anayedungwa mara moja kwa siku anakuwa na dawa asubuhi, na kufikia jioni hana kitu. Kila siku anaanza upya. Shitij Kapur na wenzake walilieleza hili vizuri mwaka 2003: tafiti nyingi za panya za siku nyingi hazikuwa za dawa ya kudumu kama walivyodhani waandishi wake. Suluhisho ni pampu ndogo inayopandikizwa chini ya ngozi na kutoa dawa polepole mchana na usiku. Hata hiyo ina mtego, kwa kuwa olanzapini huharibika ikikaa kwenye maji ndani ya pampu siku nyingi, na dozi ya wiki ya pili si ile ya siku ya kwanza. Fluoksetini nayo, ambayo kwa binadamu hukaa siku kadhaa, na zao lake la ini hukaa hata wiki mbili, kwa panya ni suala la saa. Utaona kwamba mchanganyiko wenye uwiano mmoja kwa panya unaweza kuwa na uwiano mwingine kabisa kwa mtu, hata kama umegawanya miligramu kwa kilo kwa usahihi wote.

Na ini lina sauti yake. Fluoksetini na ndugu yake paroksetini hubana CYP2D6, kimeng'enya cha ini kinachovunja dawa. Kwa binadamu hilo hupandisha risperidoni kwenye damu: mara 2.5 hadi 2.8 kwa fluoksetini, na zaidi ya hapo kwa paroksetini. Fluvoksamini, ya kundi hilo hilo, hubana kimeng'enya kingine, CYP1A2, na inaweza kupandisha klozapini mara kadhaa. Thioridazini, dawa ya zamani ya saikosisi, haitakiwi kabisa kukutana na fluoksetini kwa sababu inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Panya hana CYP2D6. Ana ndugu zake sita wa familia ya CYP2D, kila mmoja na tabia yake, basi namba za mwingiliano hazihamishwi moja kwa moja. Kuna jambo jingine lililoonekana huko huko Krakow ambalo vitabu vya kawaida havilitaji sana. Dawa hizi za makundi yote mawili hupenda kujificha kwenye lisosomu, vifuko vyenye asidi ndani ya seli. Zikiwa pamoja hugombea nafasi humo, moja inaisukuma nyenzake nje, na dawa iliyokuwa imetulia kwenye mapafu au ini inaanza kuzunguka na kufika kwenye viungo vingine, moyo na ubongo vikiwemo. Kimeng'enya hakijaguswa, lakini mgawanyo wa dawa mwilini umebadilika.

Bahati nzuri, kati ya jozi zote hizo, ya mdogo wako ni miongoni mwa zilizotulia. Fluoksetini hupandisha kilele cha olanzapini kwa wastani wa 16% tu, kiasi ambacho kwa wengi hakihitaji dozi kubadilishwa. Jozi hii imejaribiwa kwa watu, si kwa panya pekee. Mwaka 2001 ilichapishwa taarifa ya wagonjwa 28 ambayo iliamsha matumaini makubwa. Mwaka 2005 ukaja utafiti wa watu 500: walioipata walipata nafuu haraka, lakini mwisho wa utafiti hawakuwa wamewapita kwa wazi waliopewa dawa nyingine. Marekani iliruhusu kidonge chenye dawa zote mbili mwaka 2003 kwa sonona ya ugonjwa wa hisia mbili (bipola), na mwaka 2009 kwa sonona sugu. Ndiyo picha halisi: kwa baadhi inasaidia kweli, tena mapema, wala si muujiza.

Kwa hiyo unapokaa na mdogo wako, sahau vijiti vya ubongo na uangalie mwili wake. Akipata homa pamoja na kukakamaa misuli na kuchanganyikiwa, au kutetemeka kwa nguvu na kutokwa jasho jingi, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, msisubiri asubuhi. Kama ana umri chini ya miaka 25, muwe macho zaidi na mawazo ya kujidhuru katika wiki za kwanza na kila dozi inapobadilishwa. Ukiona hatulii kitini, anatembeatembea bila sababu, au mikono imeanza kuwa mizito, mwambieni daktari. Usingizi na njaa ya ghafla vitakuja mapema. Njaa hiyo msimlaumu nayo, ni dawa. Na umuulize daktari kama uzito, mzunguko wa kiuno, presha, sukari na mafuta ya damu vilipimwa kabla ya olanzapini kuanza. Kama havikupimwa, vipimwe wiki hii, ili kuwe na cha kulinganishia. Uzito upimwe tena wiki ya 4, ya 8 na ya 12, na sukari na mafuta wiki ya 12. Kama sonona haijapungua kufikia wakati huo na uzito unapanda, hicho ndicho kikao cha kuuliza kama olanzapini iendelee, na uende ukiwa na namba zote mkononi.